Kuirudia "Mario" ya TPOK Jazz: mwongozo wa kusikiliza upya santuri ya miaka ya mwisho ya bendi kongwe

Bendi ikishakula chumvi nyingi, santuri zake za mwishoni ndizo husukumwa nyuma ya rafu. Sisi wapenzi wa TPOK Jazz ndivyo tulivyo. Ukianzisha mazungumzo juu ya Franco, mpiga gitaa na kiongozi wake, mtu atakupeleka moja kwa moja miaka ya 60 na 70, enzi za Vicky Longomba, za Verckys na domo lake la bata, yaani saksafoni, za Sam Mangwana. "Mario" ya 1985 itatajwa kwa heshima, kisha itaachiwa kumbi za harusi na baa: inapigwa dakika chache, watu wanaitikia, DJ anahamia wimbo mwingine.

Naiona hiyo kama dhuluma. Bendi iliyozaliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1956 ilikuwa na miaka 29 ilipotoa wimbo huu, na ndani yake mna utulivu ambao vijana wale wa 1956 wasingeuweza. Ili kuusikia inabidi uirudie santuri yenyewe, upande mzima, kwa sauti safi na kwa mpangilio. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye santuri au kaseti yake nyumbani, iwe aliinunua mwenyewe au aliachiwa na mzazi.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho

Kabla ya kuweka chochote kwenye mashine, kaa na jalada. Soma mbele, nyuma, halafu karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri. Unatafuta mambo matatu.

La kwanza ni mwendo. Santuri kubwa za inchi 12 za miaka ya 80 nyingi huzunguka mara 33⅓ kwa dakika, lakini zipo za ukubwa huohuo zinazozunguka kwa 45. Usikisie kwa macho, soma.

La pili ni kama una "Mario" yenyewe au jibu lake. Mwaka 1988 bendi ilitoa "La réponse de Mario", ambamo kijana aliyelaumiwa na mwanamke katika "Mario" anapewa nafasi ya kujieleza. Majalada ya miaka hiyo karibu yote yana jina la Franco, picha yake, na cheo chake cha Le Grand Maître, kwa hiyo ni rahisi kuzichanganya. Ukiwa nazo zote mbili, una bahati. Ya pili iweke kando, tutaifikia.

La tatu ni urefu. "Mario" kamili inakaribia robo saa. Ukiona dakika 5 au 6, umeshika toleo lililokatwa. Kaseti zetu nyingi za zamani zilikuwa za kurekodiwa mtaani, na upande mmoja wa kaseti ya dakika 60 una dakika 30 tu. Aliyekuwa akirekodi alipoona nafasi inakwisha, alikata. Toleo lililokatwa linafaa kucheza tu. Kwa kazi tunayokwenda kuifanya halitoshi, kwa sababu wimbo huu umejengwa juu ya kurudiarudia, na ukipunguza marudio umeondoa nguzo.

Tena, usidhani kwamba jina la bendi kwenye jalada linakuambia nani alipiga. TPOK Jazz ya miaka ya 80 ilikuwa kubwa kiasi kwamba kundi moja liliweza kuwa Ulaya na Franco huku jingine likiendelea na kazi Kinshasa. Kama jalada lako limetaja majina ya wanamuziki, yanakili kwenye daftari.

Hatua ya 2: Isafishe

Kwa wanaoishi Dar es Salaam, Mombasa, Tanga au Zanzibar, adui wa kwanza ni ukungu. Ipeleke santuri karibu na dirisha na uiinamishe ili mwanga upite juu yake kwa ubavu. Vumbi litaonekana kama punje punje, mikwaruzo kama nyuzi, ukungu kama madoa meupe yaliyofifia. Ishike kwa ukingo na katikati tu. Vidole huacha mafuta, na mafuta hunasa vumbi.

Vumbi kavu liondoe kwa brashi laini ya santuri huku sahani ikizunguka. Kwa ukungu na uchafu ulioganda unahitaji maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ambayo vituo vya mafuta huuza kama maji ya betri. Hakikisha ni maji matupu ya kuongezea na siyo asidi, maana chupa zinafanana. Maji ya bomba yana chumvichumvi zinazobaki ndani ya mifereji yakikauka. Tia tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika nusu lita, lowesha kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ukikamue, kisha futa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usikate kutoka ukingoni kwenda katikati. Karatasi ya katikati isilowe. Rudia kwa kitambaa kingine chenye maji yasiyo na sabuni, halafu iache isimame kivulini hadi ikauke kabisa. Usiianike juani, hata dakika chache, itapinda.

Kama kwenye mkusanyo wako mna santuri za OK Jazz, jina la awali la bendi, za miaka ya 50, zile za kampuni ya Loningisa za mwendo wa 78, spiriti isizikaribie. Zile hazikutengenezwa kwa plastiki ya vinili, na spiriti huziyeyusha.

Hatua ya 3: Andaa mashine

Sindano ndiyo inayogusa muziki, kwa hiyo anza nayo. Isafishe kwa brashi ndogo, ukivuta kutoka nyuma kuja mbele, kamwe usirudishe nyuma. Kama hukumbuki ilibadilishwa lini, ibadilishe. Sindano hudumu kama saa 500 hadi 1,000 za kupiga, na iliyochakaa haikupi sauti mbaya tu, inakwangua santuri.

Angalia uzito wa mkono. Vichwa vingi vya kawaida vya sumaku hutaka kati ya gramu 1.5 na 2.5, kitabu cha mashine kitakuambia. Pleya ndogo za sanduku zinazouzwa siku hizi hukandamiza zaidi ya hapo, nyingine kupita gramu 5, na nisingewekea mojawapo santuri ninayoipenda.

Halafu kuna suala la tundu la kuchomeka, ambalo limeharibu usikilizaji wa watu wengi bila wao kujua. Santuri inapokatwa kiwandani, besi hupunguzwa na sauti kali huongezwa, la sivyo mifereji ingekuwa mipana mno. Amplifaya yenye tundu lililoandikwa PHONO ndiyo inayorudisha mambo mahali pake. Ukichomeka kwenye tundu la kawaida, utasikia muziki mwembamba, wa mbali, usio na tumbo. Katika rumba ya OK Jazz besi ni nusu ya mazungumzo. Mtu anayesema santuri za Franco za miaka ya 80 zina sauti nyepesi, mwambie kwanza aangalie nyuma ya amplifaya yake. Kama haina PHONO, kuna kifaa kidogo cha kuwekwa katikati, na pleya nyingi mpya wamekijenga ndani.

Wenye kaseti: safisha kichwa cha deki na magurudumu yake kwa kijiti cha pamba chenye spiriti safi, acha kikauke. Tumia penseli kukaza utepe uliolegea. Kisha peleka kaseti mbele hadi mwisho na uirudishe hadi mwanzo kabla ya kuipiga, ili tabaka zilizogandana kwa miaka ziachane taratibu. Vunja vile vijiti viwili vya plastiki mgongoni mwake kama bado vipo, mtu asije akarekodi juu yake.

Hatua ya 4: Rekodi mara ya kwanza inapopigwa

Kila mpito wa sindano unachakaza kidogo. Utasikiliza wimbo huu mara nyingi, kwa hiyo rekodi ule mpito wa kwanza baada ya kusafisha, kisha kazi ya kuchambua uifanye kwenye faili.

Programu ya kurekodi ya Audacity ni ya bure na inatosha. Chagua biti 24 na kilohezi 48. Tafuta sehemu yenye kishindo zaidi, na upange kiwango ili kilele kisivuke desibeli 6 chini ya sifuri. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairudi. Kwa vipimo hivyo dakika moja itakula takriban megabaiti 17, yaani upande wa dakika 20 ni karibu megabaiti 345. Hifadhi nakala mama kwa FLAC, aina ya faili isiyopoteza kitu, halafu tengeneza MP3 ya simu.

Usikimbilie kufuta michakarisho kwa programu. Vifaa vya kusafisha kelele hula kwanza mlio wa juu wa gitaa, ule wa kidole kinapoachia waya, na huo ndio ninaokuomba uusikilize.

Na wakati unarekodi, keti. Usishike simu. Huu ndio usikilizaji wako wa kwanza, mzima, bila kuandika chochote.

Hatua ya 5: Pitia nyimbo tatu za njiani

Kabla ya kurudi kwenye "Mario", nenda nyuma ili ujue umbali bendi iliotembea.

"On entre O.K., on sort K.O." ya 1956 ni kama kadi yao ya utambulisho. Upande wa santuri ya 78 ulibeba kama dakika tatu, kwa hiyo kila mtu anaingia, anasema lake, anatoka. Vijana wana haraka na wanajiamini.

"Azda" ya 1973 ilikuwa tangazo la wauzaji wa magari ya Volkswagen Kinshasa, na bado inachezeka Afrika nzima. Hapa bendi imeshajua kukaa juu ya mzunguko mmoja wa gitaa bila kuchoka wala kuchosha.

"Non" ya 1983 ndiyo mlango wa kuingilia. Mwimbaji Madilu System alikuwa amejiunga na bendi mwanzoni mwa miaka ya 80, na katika wimbo huu yeye na Franco wanaanza yale mapokezano ambayo "Mario" itayafikisha kileleni.

Zipige kwa mpangilio huo bila kuruka. Ukimaliza utakuwa umesikia bendi ikipunguza mwendo wa maneno na kuongeza urefu wa pumzi.

Hatua ya 6: Irudie "Mario", kila mara kwa sikio jingine

Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe.

Mara ya kwanza fuata sauti mbili tu. Madilu anaimba, Franco kwa sehemu kubwa anasema. Anayelalamika ndani ya wimbo ni mwanamke mwenye uwezo wake, amemweka ndani kijana msomi mwenye vyeti vitano asiyetaka kutafuta kazi, na sasa amechoka kugombana naye usiku na mchana. Franco alikuwa bingwa wa kuvaa nafsi ya mwanamke anayelalamika, alifanya hivyo miaka mingi kabla. Jipya ni kwamba sehemu tamu, ile ambayo watu wataishika na kuiimba, amempa mwingine. Kiongozi mwenye jina lake kwenye jalada, mpiga gitaa aliyeijenga bendi tangu akiwa kijana wa miaka 17, anachagua kuwa msimulizi. Anapiga soga, anakaripia, anarudia jambo lilelile kwa kulizungusha, kama shangazi aliyekuja kusuluhisha ndoa na hataki kuondoka mpaka aeleweke. Madilu anapokea na kuligeuza kero kuwa wimbo. Sikiliza pale mmoja anapomwachia mwenzake: hakuna anayemkimbiza mwenziwe. Wamezeeka vizuri pamoja, ingawa Madilu alikuwa mgeni kwa kulinganisha na wengine.

Mara ya pili, ziondoe sauti kichwani na ushuke kwenye magitaa. Wengi hushindwa hapa kwa sababu maneno yanavuta. Dawa yake ni kupunguza sauti ya spika mpaka maneno yasisikike wazi, kwani magitaa hupenya hata kwa sauti ndogo. Utasikia mzunguko mfupi ukirudi na kurudi. Rumba ya Kinshasa ina mgawanyo wake: ridhim linashika njia, solo linapamba juu, na katikati lipo lile wanaloliita mi-solo, linalounganisha wawili hao. Jaribu kuhesabu mzunguko mmoja tu wa gitaa, uufuate kwa dakika mbili. Utagundua haubaki uleule. Noti moja inacheleweshwa, nyingine inamezwa, kidole kinaongeza mlio mdogo mwishoni. Haya ni mabadiliko ya watu waliopiga pamoja maelfu ya usiku, wanaojua kwamba msikilizaji atayahisi hata asipoyatambua.

Mara ya tatu, besi na ngoma. Weka sauti juu kiasi. Ukiwa na spika mbili, kaa katikati yake, umbali sawa. Besi haikimbizi dansi, inaiongoza kwa kuacha nafasi. Kwa maoni yangu hizo nafasi ndizo zinazoufanya wimbo wa karibu robo saa upite bila mtu kutazama saa.

Mara ya nne, subiri sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea dansi, na uangalie kama inakuja jinsi ulivyozoea. Katika nyimbo nyingi za bendi hii ya miaka ya 70, sehemu ya kuimba huisha, magitaa yakachemka, watu wakainuka vitini. Hapa mgawanyo huo umelegezwa. Masimulizi na dansi vinakwenda sambamba, na mtu anaweza kucheza huku akisikiliza ugomvi. Wapo wanaosema ni udhaifu, kwamba magitaa ya Franco yalikuwa yamepoa. Sikubaliani nao. Mtu aliyeandika "Azda" alijua kuchemsha, na kama hapa hakuchemsha ni kwa kuwa hadithi ilimhitaji asichemshe.

Hatua ya 7: Tafuta maneno kwa mtu, si kwa mashine

Tafsiri za Kilingala zinazozagaa mtandaoni nyingi zimepita Kifaransa kwanza, zikapoteza ukali. Kama kuna Mkongomani jirani yako, fundi, msusi, mwanakwaya, mwombe asikilize nawe. Mwendee kwa adabu, "mama" au "mzee," na umuulize kifungu kimoja kimoja, siyo wimbo wote kwa mkupuo. Muulize pia watu wa Kinshasa walicheka wapi. Nyimbo za Franco za namna hii zina mizaha ambayo karatasi haiishiki.

Wewe mwenyewe jifunze maneno machache yatakayokupa pa kushika: mwasi ni mwanamke, mobali mwanamume, ndako nyumba, mosala kazi, mbongo pesa, butu usiku, koswana kugombana. Moto ni mtu, kwa hiyo usidhani kuna nyumba inaungua. Kwa maneno hayo tu, ukirudia wimbo utashangaa ni sehemu kubwa kiasi gani inakufungukia, kwa kuwa lugha zetu ni za ukoo mmoja.

Kuhusu hadithi yenyewe, Afrika Mashariki iliichukua ikawa yake. Nairobi ilicheza wimbo huu mpaka ukawa kama wa nyumbani, na Tanzania hadi leo kijana anayelelewa na mwanamke huitwa marioo. Unaposikiliza upya jiulize kama wimbo kweli unamcheka kijana peke yake. Mwanamke naye amechorwa kwa ukaribu, na uchovu wake si wa mzaha.

Ukishafika hapo, toa "La réponse de Mario" ulikoiweka. Isikilize mara moja tu, siku hiyohiyo, wakati malalamiko ya mwanamke bado yako masikioni. Naiona ni kazi ndogo kuliko ya kwanza kwa muziki, lakini ukiiweka baada yake unaona bendi ikimpa mshtakiwa haki ya kusikilizwa, mwaka mmoja kabla Franco hajafariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989. Madilu aliendelea peke yake hadi alipofariki Agosti 2007. Kina Simaro Lutumba, wanamuziki waliokuwa na Franco tangu miaka ya 60, waliibeba bendi miaka michache, kisha wakaunda kundi la Bana OK.

Hatua ya 8: Andika na uhifadhi

Kwenye karatasi ndogo andika tarehe uliyosafisha, sindano uliyotumia, mahali palipo na mkwaruzo kwa dakika na sekunde, majina uliyoyapata kwenye jalada na maneno uliyotafsiriwa. Itie ndani ya jalada. Atakayeirithi santuri ataikuta kazi yako, asianze upya. Ukitaka kulinganisha na maandishi ya wataalamu, kampuni ya Sterns ilitoa mikusanyo miwili ya nyimbo za Franco iitwayo Francophonic, wa pili ukihusu miaka ya 1980 hadi 1989, na kijitabu chake kina maelezo mazuri ya kipindi hiki.

Santuri irudi kwenye bahasha mpya ya ndani, siyo ileile yenye ukungu, maana ukungu utarudi nayo. Isimamishe wima bila kuibana wala kuilaza, mbali na ukuta unaopata jua la jioni. Pwani, weka vifuko vya kukausha unyevu ndani ya kabati, vile vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe masika yakianza. Faili la FLAC liwe na nakala mbili, moja nje ya kompyuta yako.